Rasi, Mto na Kilindi: Mhadhara juu ya Pwani ya Tanga



Nimeombwa nihadhiri juu ya mimea, wanyama na tabia ya nchi ya rasi yetu, nami nimeikubali heshima hiyo kwa sharti moja: kwamba tusiitazame Ras Kazone peke yake, bali pamoja na mto unaomiminika katika ghuba iliyo ubavuni mwake na kilindi kilicho mbele yake, maana dai langu jioni hii ni kwamba milima, ufuko na kilindi vimefungamana hata haiwezekani kukihifadhi kimoja na kukipuuza kingine.

Tuanze na hewa. Rasi za bahari ya Mediterania hupata mvua zake wakati wa baridi, na kiangazi chake huwa kikavu. Sisi, tulio takriban nyuzi 5 kusini ya ikweta, hutawaliwa na pepo za msimu. Kaskazi huvuma tangu Disemba hadi Machi, ikiwa na joto na ukavu; kisha huingia kusi pamoja na masika, ikayasukuma mawingu ya bahari kuelekea bara, nayo yakigota kwenye milima ya Usambara hupanda, yakapoa na kunyesha. Ndiyo sababu Amani, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902, hupata mvua ikaribiayo milimita 2,000 kwa mwaka, kupita Tanga mjini. Na sehemu ya maji hayo huturudia kwa njia ya Mto Zigi.

Huko milimani, na katika miamba ya chokaa ya Amboni, ndiko kwenye asili ya ua ambalo leo hupamba madirisha ya Ulaya na Amerika. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliliona mwaka 1892, akampelekea baba yake mbegu, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Mche wake ni mfupi, majani yake yana vinyweleo, nao hung'ang'ania ufa wa jiwe penye kivuli na unyevu. Ukikatwa mti unaotoa kivuli hicho, jua hulimaliza ua.

Mto ukifika ghubani huingia mikokoni, na hapo kila mti una makazi yake: aghalabu mlilana huelekea bahari, mkoko na mkandaa hufuata, na mchu, ustahimilio chumvi kuliko wote, hukaa nyuma karibu na nchi kavu, ukiwa umechomoza mizizi yake topeni ipate kuvuta hewa. Mbegu ya mkoko huchipua ingali mtini, ikarefuka, hata siku ya kuanguka hujichoma wima katika tope. Kati ya mizizi hiyo hukulia kamba na samaki wachanga, na tope la mto hutuama kabla ya kuyafikia matumbawe.

Basi milima ikivuliwa miti na mikoko ikakatwa boriti na kuni, tope hupita moja kwa moja na kuyafunika matumbawe, ambayo uvuvi wa baruti umekwisha kuyadhuru. Samaki wa karibu wakiadimika, mvuvi hana budi kutega jarife lake mbali na chini zaidi. Huko chini ndiko aliko silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu zama za kale sana hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu Tanzania alinaswa Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003, kisha wavuvi wa Tanga wakawapata wengi. Mchana hujificha katika mapango ya kilindini. Hukadiriwa kuishi karibu karne moja na kubeba mimba takriban miaka 5, kwa hiyo kila mmoja anaswaye ni hasara isiyofidika upesi.

Mwaka 2009 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, na lilikuwa jambo la busara. Lakini mipaka yake imechorwa pwani na baharini, ilhali tope huanzia mlimani. Kwa hiyo atakaye kujua kama silikanti yu salama, asiishie kuwauliza wavuvi wa pwani ya Mwambani. Na awaulize pia wakulima wa kando ya Zigi wamebakiza miti mingapi ukingoni.