Nyama, Kiasi na Haki ya Watu wa Nyumbani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu Waislamu, nanyi mnaotusikiliza majumbani! Nakuusieni, nami najiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu.

Ardhi ya Tarime na Serengeti ni ardhi ya ng'ombe. Ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni heshima ya boma. Wazee waliofuata ng'ombe malishoni tangu alfajiri hata magharibi walikula nyama na kunywa maziwa, na miili yao ikabaki mikavu. Basi kwa nini leo, katika miji ya Tarime, Sirari na Mugumu, mtu hufika makamo akaota kitambi, na kilima kidogo kikamshinda?

Si kwamba nyama imegeuka sumu. Nyama ni halali, nayo hujenga mwili na kuongeza damu. Lakini mwili hunenepa unapopokea chakula kingi kuliko unachokitumia. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, hali gramu ya wanga ina 4. Mzee yule alikula nyama siku ya kuchinja, na akatembea kila siku. Huyu wa leo hula nyama yenye mafuta kila jioni, akaifuatishia chipsi na soda, kisha akarudi kwake juu ya pikipiki. Unene wa namna hiyo hufungua mlango wa shinikizo la damu na kisukari.

Mwenyezi Mungu, katika Suratul Aaraf, aya ya 31, ametuhalalishia kula na kunywa, na papo hapo akatukataza kupita kiasi. Na Mtume wetu (S.A.W.), kwa ilivyopokewa na Tirmidhi, ametufundisha kuligawa tumbo: thuluthi ya chakula, thuluthi ya kinywaji, na thuluthi ya pumzi.

Tena liko jambo zito zaidi. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Seyyidna Umar alimkuta Jabir bin Abdillahi amebeba nyama aliyoinunua kwa dirhamu moja. Lawama ya Umar haikuwa juu ya uhalali wa nyama ile. Alimlaumu kwa hofu ya mtu kulishibisha tumbo lake, akamsahau jirani na jamaa yake.

Tujipime kwa mizani hiyo. Baba huketi penye nyama choma, akala na rafiki zake hata wakashiba. Na nyumbani mkewe na watoto wanakula ugali kwa mboga ya majani peke yake. Tumbo la baba linakua, mtoto anadumaa, na nyumba ni moja! Maradhi ni mawili, na dawa ni moja: nyama ile ipelekwe nyumbani, iingie katika sufuria ya wote. Baba atapunguziwa kinachomdhuru, na mtoto atapata kinachomjenga.

Nasema kauli yangu hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie, mimi nanyi. Amin.