Hotuba kwa Wanachama: Sabuni Isiyooza



Sisi wa karakana twamaliza zamu mikono myeusi kwa grisi, na grisi haitoki kwa maji matupu. Yahitaji sabuni, ambayo upande mmoja hushika mafuta na upande wa pili hushika maji. Sabuni ya kipande hupikwa kwa mawese, nazi au mafuta ya wanyama. Lakini sabuni nyingi za unga, dawa yake ya povu hutokana na mafuta ya petroli.

Miaka ya 1950 dawa hiyo ilikuwa ngumu kuoza. Mito ya Ujerumani na Uingereza ilijaa povu. Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria mwaka 1961, ikaanza kutumika 1964, na viwanda vikabadili dawa.

Lakini hata hiyo iliyokuja badala yake ni ya petroli. Huoza vizuri maji yakiwa na hewa; pasipo hewa hukaa tu. Sasa tutazame Mto Nairobi. Watoka kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, wapita Dagoretti na Kawangware, na kila mtaa waongeza maji ya choo na taka. Ukifika mjini, hewa imekwisha majini. Hapo ndipo maji yetu ya ovaroli huingia, na huko chini watu humwagilia sukumawiki.

Dawa nyingine ipo, ya sukari na mafuta ya nazi, iitwayo alkili poliglukosidi. Huoza kwenye hewa na pasipo hewa. Mwajiri atasema ni ghali, na kweli bei yake imezidi. Basi na tuzungumze bei. Nazi zamea Kilifi na Kwale.

Wala tusidanganywe na neno “asili”. Mwaka 1964, huko Adwa, Ethiopia, Daktari Aklilu Lemma aliona konokono wamekufa mahali wanawake walipofulia kwa matunda ya endodi. Ilikuwa heri, maana konokono hao hueneza kichocho; lakini sabuni ya mti nayo yaweza kuua.

Kwa hiyo twawaomba wajumbe, katika kikao kijacho na wakubwa, wasiulize jina la sabuni. Waulize imetengenezwa kwa nini, na karatasi ya kipimo cha kuoza iko wapi. Kipimo cha kawaida ni cha siku 28, nacho hufanywa penye hewa. Waombe na kile cha pasipo hewa, na majibu yabandikwe ukutani karibu na mabomba ya kunawia.