Kupunguza Mkanda wa Chuma wa Saa Ukiwa Nyumbani

Leo tunaizungumzia saa ya mkononi yenye mkanda wa chuma, ile ambayo wengi huku kwetu Nachingwea na Ruangwa huinunua malipo ya korosho yakishaingia. Dukani hupimwa kwa mkono mnene. Ukiivaa inashuka hadi kwenye vidole, ukiinua mkono inakimbilia kiwiko, na watu huivumilia hivyo hivyo mwaka mzima. Msiivumilie. Saa inayocheza mkononi hugongagonga, hunasa kwenye magunia, na viungo vyake hulika upesi.

Usianze kung'oa kitu. Tazama kwanza ubavu wa kifungio. Mara nyingi utaona vitundu vidogo vilivyopangana, na katika kimojawapo imekaa pini yenye springi. Ibonyeze, isogeze tundu moja au mawili kuingia ndani ya kifungio, iachie. Kama saa ilikuwa imelegea kidogo tu, kazi imekwisha. Zile Casio nyepesi zinazoonyesha namba zina kifungio kinachoteleza: unainua kijibati chake kwa bisibisi bapa, unasogeza, unakibana tena.

Ikiwa bado inalegea, basi pingili zitolewe. Pima alasiri, si alfajiri. Joto la Novemba, kabla mvua hazijashika, huvimbisha mkono, na mkanda uliokaa vizuri asubuhi utakukaba mchana. Vaa saa, ibane ziada chini ya mkono kwa vidole viwili, hesabu pingili ulizobana, na uache nafasi ya kupitisha kidole kidogo. Zitoe nusu kwa nusu kutoka pande zote mbili ili kifungio kibaki katikati. Ikitokea moja imezidi, itoke upande wa namba sita.

Mkulima uliyekuwa ukipuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, osha mkanda kwanza kwa mswaki mkuukuu na sabuni, bila kuizamisha saa yenyewe. Vumbi lile likichanganyika na jasho hujaa kwenye viungo, na pale ambapo rangi ya dhahabu imebanduka shaba ikabaki wazi, salfa huigeuza nyeusi. Pini iliyoganda itie tone la mafuta ya cherehani, uiache mpaka kesho.

Sasa geuza mkanda uangalie ndani. Utaona vishale, na hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndipo mikanda mingi inapoharibikia. Mshale unaonyesha upande ambao pini inatokea. Pini nyingi zimepasuliwa au zimenenepa kidogo upande mmoja. Ukiigonga kinyume cha mshale unazidi kuikaza, na ukiendelea itapinda ndani. Pingili isiyo na mshale usiiguse.

Kichwa cha pini kikiwa na mfereji, hiyo ni skrubu, haigongwi. Jaribu bisibisi inayoenea sawasawa. Ikikataa, mpelekee fundi saa, kwa sababu nyingine hutiwa gundi kiwandani.

Chonga mfereji kwenye kipande cha mbao, usimamishe mkanda humo kwa ubavu, chini ya pini pawe na tundu la kudondokea. Tafuta msumari mwembamba, usugue kwa tupa mpaka ncha yake iwe bapa na nyembamba kuliko pini. Wengine hutumia sindano. Mimi siishauri hata kidogo: sindano ikigongwa hukatika, na kipande chake kinaweza kuruka jichoni. Gonga polepole, tena na tena, nguvu kidogo. Fanya kazi yote juu ya sinia lililotandikwa kitambaa cheupe, na watoto wadogo wakae mbali, wasije wakameza kitu.

Kitambaa kina sababu. Saa nyingine, zikiwemo Seiko nyingi, zina kimrija kinachoishika pini, kidogo kuliko punje ya mtama. Hudondoka kimyakimya. Ukiunga mkanda bila hicho kimrija, pini haina kinachoishika: itachomoka njiani, na saa utaiacha barabarani.

Kurudisha ni kinyume cha mshale. Ule upande mzima wa pini ndio utangulie, uliopasuka uingie mwisho. Gonga mpaka pini ilingane na ukingo, kisha pitisha kucha pande zote mbili. Ikikwaruza, bado haijakaa. Kunja na kunjua mkanda mara kadhaa, uvae, na baada ya siku chache upitishe kucha tena.

Pingili zilizobaki, pamoja na pini na vimrija vyake, zifunge kwenye kipande cha nailoni uziweke pamoja na risiti ya saa. Mwili hunenepa, na saa huhama kutoka kwa baba kwenda kwa kijana wake. Pingili ya saa nyingine ni nadra kuenea kwenye hiyo.