Njia ya baiskeli Usa River–Arusha: ya kwenda kazini au ya kutembeza wageni?

*Haya ni maandishi ya mada niliyoitoa kwenye mkutano wa vijana. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema, nimepunguza salamu tu.*



Nimepewa dakika kumi, na nimechagua kuzungumzia baiskeli. Naona wengine mmeanza kucheka. Chekeni, lakini mnisikilize, maana ndani ya baiskeli kuna ardhi, kuna bajeti, na kuna roho za watu.

Hapa kwetu ukitamka "njia ya baiskeli", picha inayomjia mtu ni mgeni. Amevaa helmeti, baiskeli ina gia kibao, mbele yake kuna kijana wetu anamwongoza kuzunguka Ziwa Duluti, anapita kwenye migomba na kahawa, anapiga picha Mlima Meru. Ni biashara nzuri, na vijana wetu wanakula humo. Sina ugomvi nayo.

Sasa simama barabara kuu ya Moshi alfajiri, kabla jua halijachomoza. Utawaona wa Kikatiti, wa Maji ya Chai, wa Usa River. Kuna anayewahi shamba la maua. Kuna fundi mwashi anayekwenda mjini, ndoo na mwiko kafunga nyuma. Kuna mwenye madumu ya maziwa, na siku ya soko la Tengeru kuna wenye mikungu ya ndizi. Wako pembezoni mwa lami, kwenye giza, na malori ya kwenda Holili yanawapita karibu mpaka baiskeli inayumba. Hawa ndio waendesha baiskeli wa nchi hii. Ila kwenye kikao cha mipango hawaitwi hivyo. Wanaitwa "msongamano".

Hoja yangu ni moja: njia ya kwenda kazini na njia ya matembezi ni vitu viwili, na tusikubali kupewa ya pili halafu tuambiwe tumeshapata ya kwanza.

Tupige hesabu, hata aliyefeli hesabu ataielewa. Tuseme kazini kwako ni kilomita 10. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, unatumia dakika 40. Akaja mtaalamu akachora njia nzuri inayopita kwenye mandhari, imezunguka kilomita 5 zaidi. Hizo ni dakika 20 za ziada. Kwenda na kurudi, dakika 40 kwa siku. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, umepoteza zaidi ya saa 17. Mtalii anazilipia saa hizo kwa sababu ndiyo starehe yake. Wewe unakatwa mshahara kwa kuchelewa. Unadhani mtu ataifuata hiyo njia? Atarudi barabarani kwenye malori, halafu tutaambiwa eti wananchi hawataki kutumia miundombinu.

Na si urefu peke yake. Mgeni anapanda kuelekea Meru kwa gia. Mama mwenye Phoenix isiyo na gia na mzigo nyuma hawezi. Mgeni anaendesha saa nne asubuhi, jua limewaka. Mfanyakazi anahitaji taa, na hapa nasema kama msichana: njia iliyojificha kwenye migomba, ambayo mchana ni ya kupendeza, saa kumi na moja alfajiri sipiti. Mgeni akikuta matope ya masika anaahirisha safari. Mfanyakazi haahirishi.

Wenzetu walishalielewa hili. Ubelgiji, mkoa wa Limburg, mwaka 1995 walianzisha mtandao wa njia za matembezi zenye namba kwenye kila makutano. Wazo lilitoka kwa Hugo Bollen, mhandisi wa migodi. Unachagua namba zako, unazunguka vijijini unavyotaka. Safi kabisa. Lakini Uholanzi, ambako nao wanazo hizo za namba, walipotaka watu waende kazini kati ya Arnhem na Nijmegen hawakuwaambia wafuate namba. Walijenga njia ya kasi, RijnWaalpad, kama kilomita 16, iliyofunguliwa mwaka 2015, na imetengenezwa ili mtu asisimame ovyo. Tusinakili Uholanzi, hatuna pesa zao. Tuchukue swali lao tu: huyu anayeendesha anakwenda wapi, na anatakiwa kufika saa ngapi?

Najua jibu tutakalopewa: "Hakuna nafasi." Hapa naomba mniruhusu nivae koti la sheria kidogo. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 mpaka mita 30 kila upande, kupima kutoka katikati. Mnaikumbuka? Ndiyo iliyoleta zile X kwenye nyumba, nyekundu kwa aliyeifuata barabara, kijani kwa aliyefuatwa na barabara. Wazee wetu walisogezwa, wengine wanaishi na hiyo X ukutani mpaka leo, hawajengi wala hawauzi. Sasa jamani, ukishachukua mita 30 kila upande kwa jina la barabara, halafu ukamwambia mwenye baiskeli hakuna mita 3 za kwake, hiyo nafasi ulimchukulia nani?

Jibu la pili: "Hilo si letu." Barabara kuu ni ya TANROADS, za ndani ni za TARURA. Ni kweli. Lakini mfanyakazi wa Kikwe anaanza safari kwenye vumbi la TARURA na kumalizia kwenye lami ya TANROADS, na akigongwa pale zinapokutana hakuna wa kumuuliza. Ndiyo maana njia inayounganisha miji lazima ipangwe kama safari moja, tangu mlangoni kwa mtu mpaka kazini.

Jibu la tatu ndilo gumu, na tusilikwepe: utalii unaleta pesa, baiskeli ya mfanyakazi inaleta nini? Inamleta mfanyakazi. Maua hayajikati yenyewe, ghorofa hazijijengi. Na nauli ya kifodi isiyolipwa inabaki nyumbani, inakuwa daftari la mtoto. Njia ya Duluti ijengwe pia, kwa pesa za utalii, na waongozaji wetu washirikishwe kuichora. Tunachokataa ni fungu la usafiri kujenga mandhari.

Katiba yetu, Ibara ya 21(2), inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Haki hiyo haiji nyumbani kukugongea hodi. Kwa hiyo nawaomba mambo matatu.

Kwanza, tukahesabu. Vijana wawili wawili, Usa River, Tengeru na Philips, alfajiri na jioni, siku ya soko na siku ya kawaida. Andika baiskeli ngapi, wanawake wangapi, wenye mizigo wangapi. Bila namba zetu, tutasomewa za kwao.

Pili, tulipeleke jambo hili kwenye mikutano mikuu ya vijiji na mitaa, liingie kwenye muhtasari, diwani alibebe kwa maandishi. Diwani wa chama chochote. Lori halimuulizi mtu kadi.

Tatu, siku upanuzi wa barabara kuelekea Moshi utakapoletwa kwetu, tusisubiri uzinduzi. Tathmini ya mazingira chini ya sheria ya mwaka 2004 inataka wananchi wasikilizwe. Twende na maswali haya: njia ya baiskeli imenyooka? Imetenganishwa na malori kwa ukingo, au ni mstari wa rangi tu? Inapita nyuma ya vituo vya vifodi, au abiria watashukia juu yetu? Bodaboda watazuiwaje? Ina taa? Na zile rasta pembeni ya lami, nani alifikiria tairi la baiskeli?

Wakituonyesha ramani, tusiulize kwanza kama inapendeza. Tuulize mama wa Maji ya Chai atafika saa ngapi, na kama atarudi.