Ndege Wanajua Majira Yao

Masomo: Yer 8:4-7, Mk 6:30-32





Nabii Yeremia, katika sura ya nane ya kitabu chake, anatoa lawama ya ajabu. Hawalinganishi watu wa Yerusalemu na mataifa jirani, wala na malaika wa mbinguni. Anawalinganisha na ndege. Anamtaja korongo, anamtaja hua, anamtaja mbayuwayu, na kusema kwamba viumbe hao wanautambua wakati wao wa kwenda na wakati wao wa kurudi, ilhali taifa la Mungu halitambui analolitaka Bwana wao. Aya chache kabla ya hapo nabii anashangaa: mtu aliyeanguka huinuka, na aliyepotea njia hugeuka, kwa nini basi watu hawa hawageuki? Kiini cha lawama yake ni kurudi. Ndege hurudi kwa wakati wake, bali mwanadamu huahirisha.

Leo twapenda kulitafakari neno hilo kwa kutazama jambo ambalo wengi wetu hatukukua nalo, yaani namna kiangazi kinavyogeuka kuwa vuli katika nchi za kaskazini. Kwetu sisi vuli ni mvua fupi, zile zinazotarajiwa kati ya Oktoba na Desemba, na mkulima akisikia neno hilo huwaza jembe na mbegu. Huko kaskazini vuli ni majira yaliyo kati ya joto na baridi: mavuno yamekwisha kuingia ghalani, usiku unaanza kuupita mchana kwa urefu, na miti inajiandaa kuvua majani yake.

Miaka kadhaa iliyopita tulialikwa kusaidia huduma kwa muda wa mwezi mmoja, tangu mwishoni mwa Agosti, katika parokia moja ya Masuria, kaskazini mashariki ya nchi ya Polandi. Masuria ina maziwa zaidi ya 2,000, yaliyoachwa na barafu kubwa iliyoifunika nchi ile zamani za kale. Lililo kubwa kuliko yote, Śniardwy, lina eneo la kilomita za mraba 113 hivi. Kwa mtu aliyezoea Ziwa Viktoria, ambalo lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000, hilo ni kama kisima cha uani! Lakini uzuri haupimwi kwa kilomita. Mzee mmoja, mkulima aliyefiwa na mkewe, alitukaribisha tulale katika kijumba chake cha mbao kando ya ziwa dogo, chenye jiko la kuni na gati fupi la kufungia mtumbwi.

Tulifurahi mno, wapendwa, wala hatuoni haya kulisema. Alfajiri ukungu ulitanda juu ya maji, kwa sababu ziwa lilikuwa bado limetunza joto la kiangazi huku hewa ikiwa imekwisha kupoa. Mchana jua lilikuwa la upole, na nyuzi za buibui wadogo zilielea hewani zikimetameta. Wenyeji walirudi kutoka msituni na vikapu vya uyoga. Tarehe 15 Agosti, kabla hatujafika, Wakristo wa huko walikuwa wamekwisha kupeleka kanisani matita ya majani na maua ili yabarikiwe katika sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Na tarehe 8 Septemba, sikukuu ya Kuzaliwa kwake, tuliwaona wakileta mbegu za nafaka zibarikiwe kabla ya kupandwa. Hivyo kalenda ya Kanisa na kalenda ya shamba zilitembea pamoja kama majirani wema.

Pengine yupo anayeuliza moyoni: Je, inampasa Mkristo kukaa kando ya ziwa akitazama ukungu, wakati dunia ina shida nyingi? Tumsikilize Mwinjili Marko, sura ya sita. Mitume wamerudi kutoka utumeni, watu ni wengi, hata nafasi ya kula hawana. Bwana anawachukua kwa mashua waende mahali pa faragha wakapumzike kidogo. Aliyewaamuru kufanya kazi ndiye huyo huyo aliyewaamuru kupumzika. Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyetutembelea hapa Tanzania mnamo Septemba 1990, aliyapenda sana maziwa ya nchi yake. Alipokuwa bado padre alikuwa akienda na vijana majini kwa mitumbwi midogo, na waliadhimisha Misa huko huko nyikani, mtumbwi uliopinduliwa ukiwa altare. Katika safari ya namna hiyo, kiangazi cha mwaka 1958, ndipo alipoitwa Warsaw kuambiwa kwamba ameteuliwa kuwa askofu msaidizi wa Kraków. Mungu hakuona shida kumwita mtu wake akiwa mapumzikoni.

Sasa tuyatazame mambo matatu ambayo ziwa lile na miti yake vilitufundisha.

La kwanza ni jani. Twadhani kwamba jani la vuli hupakwa rangi mpya ya manjano. Sivyo. Ile manjano ilikuwamo ndani ya jani kiangazi chote, ikifunikwa na rangi ya kijani ambayo kwayo mti hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Siku zinapofupika, mti huivunja ile kijani, huvuta virutubisho na kuvirudisha tawini, kisha huziba taratibu mahali jani liliposhikamana. Ndiyo maana jani linapodondoka haliachi kidonda kibichi. Tena, ukitazama kwa makini pale lilipotoka, utakuta chipukizi la mwaka ujao limekwisha kuwapo, limefungwa vizuri likingoja. Mti haungoji upepo wa baridi uunyang'anye. Huachilia kwa utaratibu, baada ya kuandaa kitakachofuata.

La pili ni ndege. Tulipofika, tundu kubwa la korongo weupe juu ya nguzo karibu na kanisa lilikuwa tayari tupu. Mbayuwayu walikuwa wakijipanga juu ya nyaya, na asubuhi moja ya Septemba hawakuwapo tena. Walikwenda wapi? Zamani watu wa Ulaya hawakujua. Hata Askofu Mkuu Olaus Magnus wa Uppsala, katika kitabu chake cha mwaka 1555, aliandika kwamba mbayuwayu hujificha chini ya maji na kulala huko wakati wa baridi. Naam, hata maaskofu wakuu hukosea katika mambo ya ndege! Kisha mwaka 1822, kaskazini ya Ujerumani, alipatikana korongo aliyechomwa shingoni na mkuki wa Kiafrika wenye urefu wa sentimita 80 hivi. Alikuwa ameruka nao hadi kwenye tundu lake. Ndege huyo amehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock, naye ndiye aliyeufumbua macho ulimwengu: waliotoweka hawakuwa wamezama, walikuwa kwetu, Afrika.

Leo twajua zaidi. Korongo huelea juu ya hewa ya moto ipandayo kutoka ardhini, na kwa kuwa hewa ya namna hiyo ni haba juu ya bahari, korongo wa Polandi huizunguka Bahari ya Mediterania kupitia Uturuki, nchi ya Israeli na Misri, hufuata bonde la Mto Nile hadi Afrika ya Mashariki, na wengine hufika Afrika ya Kusini, mwendo wa kilomita 10,000 hivi. Nchi ya Yeremia imo katika njia hiyo. Nabii hakutunga hadithi, aliinua macho tu. Na mvua za vuli zinapoanza kwetu, ndege hao huonekana mashambani wakiokota nzige na viwavijeshi. Kilichokuwa kuaga kwa mzee wa Masuria ni kuwasili kwa mkulima wa Arusha au Mwanza.

La tatu ni maji yenyewe. Katika maziwa yenye kina ya nchi za baridi, kiangazi chote maji ya joto hukaa juu na ya baridi hukaa chini, wala hayachanganyiki. Walio chini hupungukiwa hewa. Lakini maji huwa mazito kuliko wakati wote yanapofikia nyuzi 4 za Selsiasi. Vuli inapofika, maji ya juu hupoa, huwa mazito na kuzama, upepo husaidia, na ziwa zima hujigeuza, hata hewa safi ikafika kilindini. Kwa nje waona ubaridi na mawimbi tu. Kumbe ndani samaki wanapewa pumzi ya kuvuka majira magumu.

Wapendwa, jani, ndege na maji vyote hutii wakati. Je, sisi?

Twajua familia moja, wala hatutataja mahali, ambamo ndugu wawili waligombania shamba la kahawa la marehemu baba yao. Mdogo alihamia mjini. Miaka 14 hawakusalimiana. Katekista aliwaendea mara nyingi. Kaka mtu alikuwa hakatai, alisema tu, "Mwalimu, tumalize kwanza mavuno." Mavuno yakaisha, akasema, "Mvua zipite." Mvua zikapita, akasema, "Watoto wafunge shule." Mdogo naye aliahidi kuja Krismasi, kisha Pasaka. Alikuja kweli, lakini alikuja na sanda. Alisimama kaburini akiongea na udongo maneno ambayo yangemchukua dakika tano kumwambia mtu aliye hai. Nao wote wawili walikuwa Wakristo wema, waliolipa zaka na kuimba kwayani. Hawakukosa imani, walikosa kuutambua wakati.

Hiyo ndiyo hatari anayoisema Yeremia. Wengi wetu hatumkatai Mungu, twamwahirisha. Baba amezeeka, ameshika funguo zote za duka na hati zote za mashamba, hataki kusema lolote kuhusu urithi, kana kwamba kimya kitazuia kifo. Mama anajua kwamba inampasa kumwomba radhi mkwewe, anangoja mkwe aanze. Kijana anajua kwamba dhambi fulani imemkaa moyoni kama maji mazito ya kilindini, hata hewa haifiki. Naye anapita mbele ya kiti cha maungamo kila Jumamosi. Tuige basi ule mti: tuachilie kwa utaratibu kabla ya kunyang'anywa. Tuige ziwa: tumruhusu Bwana ageuze yaliyo chini yaje juu, kwani ubaridi wa kuungama ni wa kitambo, na pumzi inayofuata ni ya uzima.

Siku moja yenye jua zuri tulimkuta yule mzee akivuta mtumbwi nchi kavu na kung'oa mbao za gati, ili barafu isije ikazivunja. Tulimuuliza, "Mzee wetu, mbona mapema hivi, na siku bado ni njema?" Akajibu, "Padre, nikingoja baridi ije, mikono haitafungua kamba." Kisha akamaliza kazi yake, akaketi kizingitini, akalitazama ziwa kwa furaha hadi jua likatua. Tuliona hapo kwamba kujiandaa na kufurahi si maadui. Anayefurahia siku kwa moyo mtulivu ni yule aliyekwisha kufungua kamba zake.

Twasikia mama mmoja akituuliza: "Padre, sisi wa jembe na wa soko, kijumba cha ziwani tutakitoa wapi?" Swali lako ni la haki, mama. Hukihitaji. Dominika ndicho kijumba ambacho Mungu amemjengea kila mtu, tajiri na maskini, kando ya ziwa la neema yake. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba pumziko la siku hiyo laponya uhusiano wetu na Mungu, na wenzetu na viumbe vyote. Basi leo, baada ya Misa, jembe lilale. Keti kizingitini pako, tazama mawingu ya vuli yanavyokusanyika, waonyeshe watoto ndege wanaopita, nawe umshukuru aliyewapa majira yao.

Hata makaburi ya wapendwa wetu tuyatazame kwa macho hayo. Waliotoweka machoni petu katika imani hawakuzama matopeni, kama wazee wa kale walivyowadhania mbayuwayu. Wamekwenda mahali ambako sisi hatujafika, naye Kristo Mfufuka aijua njia.

Ndugu wapendwa, kila mmoja wetu alitaje leo moyoni jina moja: mtu anayepaswa kumrudia. Asingoje mavuno, asingoje mvua, asingoje Krismasi. Aende wiki hii, au atume salamu, au aandike barua. Nanyi makatekista, mkiwa na familia ya namna ile katika kigango chenu, msichoke kubisha hodi mara moja zaidi.

Ee Mungu, uliyewapa ndege wa angani kuyajua majira yao, utujalie nasi kuutambua wakati wa kurudi, tuwakute ndugu zetu wakiwa hai, nawe utukute tukiwa tayari. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.