Kumwondoa Rafiki Katika Mkopo wa Nyumba: Mambo ya Kufanya Kabla ya Kutia Sahihi



Si ajabu siku hizi kwa marafiki wawili kuchukua mkopo wa nyumba kwa pamoja. Mshahara wa mmoja haufikii kiwango kinachotakiwa na benki, lakini wakiunganisha mapato wanakubaliwa. Miaka inapita. Mmoja anahamishwa kikazi, au anaoa, au anataka kujenga kwao. Wanapatana kwa mdomo: anayebaki ataendelea kulipa, anayeondoka ajiendee zake. Wanapeana mikono na kuamini mambo yamekwisha.

Hayajaisha. Kwa kawaida mkataba wa mkopo wa pamoja humfanya kila mmoja adaiwe deni lote, wala si nusu yake. Anayebaki akishindwa kulipa, benki inaweza kumfuata aliyeondoka, hata kama hajalala katika nyumba hiyo kwa miaka mitano. Jina lake linaweza kupelekwa CRB, na akiomba mkopo wake mwenyewe, deni hilo la zamani huhesabiwa dhidi yake. Deni lisipolipwa, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaitaka benki itoe notisi ya miezi 3, kisha notisi nyingine ya siku 40, kabla ya kuuza nyumba.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kuna majina mahali pawili: kwenye mkopo na kwenye hatimiliki. Kufuta moja hakufuti jingine. Aliyetoa jina lake kwenye hatimiliki huku angali kwenye mkopo amepoteza nyumba na kubaki na deni. Aliyeachiliwa na benki huku jina lake lingali kwenye hatimiliki bado ni mmiliki, na nyumba haiwezi kuuzwa bila sahihi yake.

Jambo la pili ni aina ya umiliki. Tangu Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 ianze kutumika, umiliki wa pamoja usiogawanyika ni wa mume na mke tu, isipokuwa kwa idhini ya mahakama. Marafiki humiliki kwa hisa. Mmoja akifariki, hisa yake huenda kwa warithi wake, si kwa rafiki yake. Anayechelewa kutengeneza karatasi anaweza kujikuta akijadiliana na familia nzima badala ya mtu mmoja aliyezoeana naye.

Basi hatua ni zipi?

Kwanza, nendeni benki. Anayebaki aombe kwa maandishi kuubeba mkopo peke yake. Benki itapima mapato yake upya, na hailazimiki kukubali. Ikikataa, anaweza kutafuta benki nyingine imlipie deni la zamani na kumpa mkopo mpya kwa jina lake, au kumleta mtu mwingine, kama vile mwenzi wake wa ndoa, achukue nafasi ya rafiki. Yote yakishindikana, njia iliyobaki ni kuuza nyumba, kulipa benki na kugawana salio.

Pili, nyumba ithaminiwe na mthamini aliyesajiliwa. Chukulieni mfano wa nyumba iliyonunuliwa kwa shilingi milioni 6, ambayo sasa thamani yake ni milioni 8, na deni lililobaki ni milioni 4. Ukitoa deni, zinabaki milioni 4. Ikiwa hisa ni sawa, haki ya anayeondoka ni milioni 2. Wakikubaliana kiasi kingine kwa sababu mmoja alilipa zaidi, waandike, na kila mmoja awe na wakili wake.

Tatu, kuna gharama za serikali. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani. Katika mfano huo, hisa inayohamishwa ni ya milioni 4, hivyo mjini ushuru ni shilingi 160,000. Anayeondoka naye huenda akadaiwa ushuru wa faida ya mtaji, ambao tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Aliyeishi katika nyumba hiyo mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuihamisha aulizie msamaha wake mapema. Ada za ardhi za kaunti ni lazima ziwe zimelipwa, na cheti cha kuonyesha hakuna deni kitolewe. Wengi hukwama hapa, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake alikuwa akilipa.

Nne, ikiwa anayebaki ameoa au ameolewa na wanaishi humo, idhini ya mwenzi wake inahitajika ili rehani mpya iwe halali.

Tano, angalieni mpangilio. Anayeondoka asikabidhi hati ya uhamisho iliyotiwa sahihi kabla benki haijaandika barua ya kumwachilia deni. Naye anayebaki asitoe fedha zote kabla hati za uhamisho hazijakamilika. Mawakili wanaweza kushikilia fedha na hati hadi kila upande utimize ahadi yake. Usajili ukimalizika, fanyeni upekuzi wa hatimiliki, na aliyeondoka aombe ripoti yake ya CRB kuthibitisha kwamba deni limetoka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Marafiki wanaoandikiana hawakosani imani. Wanazikinga familia zao na ugomvi ambao hazikuuanzisha. Wenye mkopo wa pamoja waanze wiki hii kwa kuomba benki taarifa ya deni lililobaki, wakiwa bado wanasalimiana.