GHARAMA ZA GRIDI YA UMEME: NANI ALIPE?



Mwaka 1935 Rais Franklin Roosevelt wa Marekani aliunda idara ya kupeleka umeme mashambani. Wakati huo kiasi cha shamba moja tu katika kila kumi ndilo lililokuwa na umeme, kwani makampuni hayakuona faida ya kusimamisha nguzo kwa ajili ya nyumba zilizotawanyika. Wakulima wakaunda vyama vya ushirika, wakakopa fedha kwa serikali, wakavuta nyaya zao wenyewe na kulipa deni kidogo kidogo.

Leo vyama hivyo vinabishiwa hodi na mteja wa aina nyingine, yaani kituo cha data: jumba kubwa lililojaa kompyuta zifanyazo kazi usiku na mchana. Kituo kimoja kikubwa huweza kuhitaji megawati 100 au zaidi, umeme utoshao makumi ya maelfu ya nyumba. Katika jimbo la Virginia, ambako vituo hivyo ni vingi mno, imekuwa lazima kujenga njia kuu mpya na kupanua vituo vya kupozea umeme. Nani alipe?

Wapo wasemao kwamba gridi ni ya wote, hivyo gharama zigawanywe kwa wote. Hoja yao ina ukweli kiasi. Mteja mkubwa alipaye kila mwezi huwapunguzia wengine fungu lao la gharama zisizobadilika. Lakini hayo ni kweli maadamu mteja yupo. Njia ya umeme hujengwa kudumu miaka 40 au zaidi. Kampuni ya kompyuta yaweza kubadili mipango yake katika miaka 5. Ikiondoka, deni haliifuati. Hubaki kwa mkulima, na kwa mjane mwenye taa mbili. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kwa sababu hiyo, mwezi Julai 2025 tume ya huduma za umma ya jimbo la Ohio iliamua kwamba vituo vipya vya data vinavyozidi megawati 25, katika eneo la kampuni ya AEP Ohio, vilipie angalau asilimia 85 ya umeme vilioomba, hata visipoutumia, kwa muda ufikao miaka 12. Nacho chama cha ushirika cha umeme cha Rappahannock, huko Virginia, kimeunda kampuni tanzu ili umeme wa vituo hivyo ununuliwe katika hesabu ya pekee, wanachama wa kawaida wasiguswe na kupanda kwa bei sokoni.

Fundisho ni kwamba asababishaye gharama aibebe, tena aahidi kwa maandishi kabla ya nguzo ya kwanza kusimama.

Vyama vya msingi havijengi gridi. Hata hivyo, huombwa kupanua ghala au kununua mashine kwa ajili ya mnunuzi mmoja mkubwa. Yafaa Halmashauri ziulize: Asipokuja, nani atalipa mkopo? Ameweka dhamana gani? Je, hesabu zake zimetengwa na za wanachama? Majibu yasomwe mbele ya Mkutano Mkuu, na mkopo usitiwe sahihi kabla wanachama hawajayasikia.